Je, Jina la Ukoo ni Ushahidi wa Nasaba?

Iko dhana iliyoenea sana, hata miongoni mwa watu waliosoma, kwamba watu wawili wenye jina moja la ukoo hawana budi kuwa na babu mmoja. Iko na dhana ya pili, ipendwayo na wale wajionao werevu zaidi, kwamba majina ni sauti tupu na hayawezi kumfundisha mwanasayansi jambo lolote. Kwa maoni yangu dhana zote mbili zina kasoro ile ile: wazishikao hawakujisumbua kuzipima. Nitachukua jina moja la Kiingereza, Sykes, kueleza nisemalo.

Zamani Mwingereza wa kawaida alikuwa na jina moja tu. Baada ya Wanormani kuiteka nchi ile mwaka 1066, desturi ya jina la pili lirithiwalo kwa baba ilianza kwa wenye ardhi, kisha ikawafikia watu wadogo, na kufikia mwaka 1400 hivi ilikuwa imekwisha kuenea sehemu kubwa ya nchi. Majina mengine yalitokana na kazi, kama Smith, yaani mhunzi. Mengine na jina la baba, kama Johnson, mwana wa John. Mengine na sifa ya mtu au mahali alipokaa. Sykes ni la mahali. Katika lahaja za kaskazini neno hilo lilikuwa na maana ya kijito au mfereji, ambao mara nyingi uliwekwa kuwa mpaka wa mashamba. Aliyekaa kando yake akaitwa kwa jina hilo, na wanawe wakalichukua hata walipohama. Ngome ya jina hilo ni Yorkshire ya Magharibi, karibu na mji wa Huddersfield. Kutoka huko limevuka bahari na wahamiaji hadi Marekani na Australia.

Sasa, vijito katika vilima vya Yorkshire havina idadi. Kwa hiyo wataalamu wa majina walishikilia kwamba kina Sykes wametokana na wazee wengi mbalimbali, kila mmoja na kijito chake. Ni hoja nzuri, na mimi ningeikubali bila kusita.

Mwaka 2000 Bryan Sykes, mtaalamu wa elimu ya urithi wa viumbe katika Chuo Kikuu cha Oxford, pamoja na Catherine Irven, walitangaza matokeo ya kuipima. Wanafunzi watakumbuka kwamba kromosomu Y hutoka kwa baba kwenda kwa mwana wa kiume karibu bila kubadilika, nayo ndiyo njia lipitayo jina la ukoo kwa desturi ya Waingereza. Watafiti hao waliwachagua kwa nasibu wanaume wenye jina la Sykes, wakachunguza alama nne katika kromosomu hiyo. Karibu nusu yao walikuwa na mpangilio mmoja wa alama, ambao haukuonekana kabisa kwa watu wenye majina mengine waliopimwa kwa ajili ya kulinganisha. Maelezo yaliyo mepesi zaidi ni kwamba jina hilo, kwa wale walio hai leo, lilianzia kwa mtu mmoja. Vijito vilikuwa vingi, lakini babu alikuwa mmoja.

Na ile nusu nyingine? Hapa mwalimu awe mwangalifu, darasa lisikimbilie kucheka na kutaja uzinzi. Mtoto wa kupanga, mtoto wa kambo aliyepewa jina la mlezi wake, mtoto aliyeitwa kwa ukoo wa mama, mtu aliyebadili jina ili apate kurithi shamba: wote hao hubeba jina bila kubeba kromosomu. Mambo kama hayo, yakitokea mara chache tu katika kila kizazi kwa muda wa karne saba, hulimbikizana.

Wala Sykes asifanywe kanuni ya wote. Mwaka 2009 Turi King na Mark Jobling wa Chuo Kikuu cha Leicester walitangaza uchunguzi wa majina 40. Wenye majina adimu walielekea kufanana sana. Kina Smith hawakufanana kuliko watu wowote waliokutana sokoni, maana wahunzi walikuwako kila mahali. Juu ya hayo, miaka miwili kabla, watafiti hao na wenzao walieleza habari za wanaume 18 wenye jina moja adimu la Yorkshire. Saba kati yao walikuwa na kromosomu Y ya aina ipatikanayo Afrika ya Magharibi. Hati za nasaba zao zilirudi hadi Yorkshire ya mwisho wa karne ya 18, na katika nasaba hiyo ya Kiingereza palikuwa pamefichika babu Mwafrika.

Pamoja na hayo, wako wafanyabiashara wa Ulaya na Marekani wamwuziao kila mwenye jina fulani "ngao ya ukoo" wake, ilhali kwa sheria ya Uingereza ngao hutolewa kwa mtu na uzao wake, si kwa jina.

Jina laweza pia kusafiri likaiacha damu nyuma. Dar es Salaam inawajua kina Sykes wake. Kleist Sykes, aliyezaliwa mwaka 1894, alikuwa katibu wa African Association ilipoanzishwa mwaka 1929, na wanawe Abdulwahid na Ally walikuwa miongoni mwa waliokijenga chama cha TANU, kilichoundwa mwaka 1954. Anayetaka kuhukumu kwao mtu ni wapi kwa kulitazama jina lake katika daftari angewapeleka hawa Huddersfield. Baba yake Kleist alikuwa Sykes Mbuwane, Mzulu aliyetoka Msumbiji na kuja huku na askari wa Wissmann, Mjerumani aliyepigana na Abushiri. Sykes lilikuwa jina la baba mwenyewe, na kwa mwana likawa jina la ukoo. Kule Yorkshire Sykes ni kijito. Dar es Salaam ni jina la mzazi, na kwa namna lilivyoundwa linakaa karibu zaidi na Johnson.