Antivirusi ya uongo: anayepima asiwe ndiye anayeuza dawa

Kila mchimbaji wa mikono wa Kolwezi anaijua Metorex. Ni kile chombo ambacho mnunuzi anakielekeza kwenye mfuko wa madini ili kisome asilimia ya kobalti au ya shaba iliyomo. Kwa miaka mingi wachimbaji wamelalamika kwamba chombo cha mnunuzi kinasoma chini kuliko ukweli, na malipo yanashuka pamoja na namba hiyo. Somo walilolipata ni fupi: kama anayepima ndiye anayefaidika na kipimo, usiamini namba yake mpaka mtu mwingine apime.

Somo hilo bado halijafika kwenye meza za kompyuta za mji huo huo. Katika komini za Dilala na Manika, mwenye sekretaria ya kuandika na kupiga fotokopi, karani wa kooperative au mwanafunzi anayemaliza kazi yake ya mwisho wa masomo anaweza kufungua intaneti na kukutana na dirisha jekundu: mashine yako ina virusi 37, bonyeza hapa uisafishe. Wakati mwingine king'ora kinalia na namba ya simu inatokea. Mwenye mashine anaogopa, anabonyeza, na hapo ndipo virusi vinaingia kweli. Metorex ya mnunuzi inadaiwa kupunguza, antivirusi ya uongo inazidisha, lakini ujanja ni mmoja.

Biashara hii si ndogo. Mwaka 2008 tume ya Marekani inayolinda wanunuzi, FTC, ilishtaki kampuni ya Innovative Marketing na washirika wake kwa kuuza WinFixer, WinAntivirus na XP Antivirus. Zaidi ya watu milioni 1 walikuwa wamenunua dawa ya ugonjwa ambao haukuwepo. Mwaka 2012 mahakama iliamuru mmoja wa washtakiwa alipe zaidi ya dola milioni 163. Mwaka 2019 Office Depot, kampuni ya maduka yenye jina kubwa, pamoja na Support.com, walikubali kulipa dola milioni 35. FTC ilidai kwamba programu yao ya kupima mashine ilikuwa ikionyesha dalili za virusi kila mteja alipojibu ndiyo kwa swali moja kati ya manne ya mwanzo, hata kama mashine ilikuwa nzima. Kwa hiyo hata jina kubwa mlangoni halitoshi kuwa dhamana.

Kuitambua antivirusi ya uongo hakuhitaji diploma. Ukurasa wa intaneti hauna uwezo wa kupima diski ya mashine; ukisema umepata virusi ndani yake, unadanganya. Antivirusi ya kweli haikuambii upige simu haraka, haihesabu dakika zilizobaki, na haikuzuii kufunga dirisha. Tena, mashine yenye Windows 10 au 11 tayari ina antivirusi ya Microsoft Defender, bila malipo. Tangazo linalodai kwamba mashine haina ulinzi wowote lianze kutiliwa shaka hapo.

Kuiondoa kuna utaratibu wake. Kwanza, kata intaneti. Pili, usibonyeze kitu chochote ndani ya dirisha lile, hata alama ya kulifunga. Bonyeza Ctrl, Shift na Esc pamoja, kisha usimamishe navigateri kutoka huko. Kama matangazo yanarudi kila siku pembeni mwa skrini, ingia kwenye mipangilio ya navigateri na uondoe ruhusa ya matangazo iliyopewa ukurasa usiojulikana. Tatu, fungua Paramètres, kisha Applications, panga kwa tarehe, na utoe programu iliyoingia siku matatizo yalipoanza. Nne, ndani ya Sécurité Windows chagua upimaji kamili. Kama ugonjwa ni mkaidi, chagua ule unaofanyika mashine ikijiwasha upya, kabla Windows haijaanza kazi. Mwisho, badilisha maneno ya siri kwa kutumia mashine nyingine iliyo safi. Aliyekwisha kulipa awasiliane na banki yake au mtandao wake wa simu siku hiyo hiyo.

Lakini mzigo huu usiachiwe mwenye mashine peke yake. Mafundi nao wana sehemu yao. Windows isiyolipiwa mara nyingi inafunguliwa kwa programu inayodai antivirusi izimwe kwanza. Ni sawa na kumfukuza mlinzi ili mgeni apite, halafu kusahau kumrudisha. Mafundi watajibu kwamba leseni ni ghali kwa mteja, na hilo ni kweli. Hata hivyo, kumwonyesha mteja kabla hajaondoka kwamba Defender inafanya kazi hakugharimu hata franka moja. Na kwa kuwa Microsoft ilimaliza msaada wa kawaida wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, fundi anayeuza mashine ya zamani bila kusema neno anamuuzia mteja nyumba yenye mlango mbovu.

Viongozi pia wana deni. Kongo ina Kodi ya Numerike tangu Machi 2023, nayo inaadhibu udanganyifu wa kwenye mitandao. Hiyo ni hatua, ila sheria haisafishi kompyuta ya mama wa sekretaria. Kodi ya madini iliyorekebishwa mwaka 2018 inataka kila kampuni inayochimba itenge angalau 0,3% ya mauzo yake kwa maendeleo ya jamii zinazoizunguka. Pesa hizo zinajenga madarasa na visima, na ni vizuri. Sehemu ndogo yake ingeweza kulipia mafunzo ya jioni kwa mafundi, makarani na walimu wa Kolwezi na Fungurume.

Mchimbaji alijifunza kuuliza: nani anashika chombo, na anapata nini nikimwamini? Mtu aliye mbele ya dirisha jekundu ajifunze kuuliza hivyo hivyo kabla kidole hakijabonyeza.