MWELEZE MTOTO WAKO HABARI YA YALE MAWE



Soma Yoshua 4. Israeli walipovuka Yordani, Mungu aliagiza mawe 12 yatolewe mtoni, kila kabila jiwe lake. Alijua watoto watauliza siku moja, na ni lazima mzazi awe na jibu.

Januari 2026 watoto wetu wa kwanza wa CBC waliingia Gredi ya 10. Wana mikondo mitatu ya kuchagua, na serikali inalenga asilimia 60 wafuate sayansi, teknolojia na hisabati. Historia na Uraia ni somo la hiari, ndani ya mkondo wa Sayansi za Jamii.

Sipingi sayansi. Tunahitaji madaktari na mainjinia. Lakini mtoto huyu alizaliwa baada ya vurugu za uchaguzi wa 2007. Hakuona zaidi ya Wakenya 1,000 wakifa. Hakuona kanisa la Kiambaa likichomwa Januari 1, 2008, watu wakiwa ndani. Asipofunzwa, mwanasiasa atakayemwambia jirani ni adui atamwamini.

Kwa maoni yangu, kila mwanafunzi angesoma historia ya nchi hii hadi Gredi ya 12.

Lakini mzazi, usingoje wizara. Leo jioni, mkimaliza kula, mweleze. Usimwambie tu jinsi kabila lenu lilivyoumizwa. Mwambie pia lilivyoumiza wengine. Kila kabila lilibeba jiwe lake.

Kama umekubali, andika AMINA, kisha umtumie mzazi mwenzako. Mbarikiwe!