Wacheni kukariri "geuza alama"

Wasee wa KCSE, shida ya hesabu si wewe. Ni vile tunafunzwa "geuza alama" bila kuambiwa kwa nini.

Chukua 7 − 2x < 15. Toa 7 pande zote, inabaki −2x < 8. Gawanya kwa −2: x > −4. Alama imegeuka. Mbona?

Fikiria duka hapa Tulia. 300 ni ndogo kuliko 500, sindio? Sasa iwe deni. Mwenye deni la 300 ndiye ako juu. Hasi hugeuza mpangilio.

Umesahau kugeuza, ukaandika x < −4? Jaribu −5: 7 + 10 ni 17. Iko chini ya 15? Zii. Umejishika mwenyewe kabla msahihishaji akushike.

Ukikariri, woga wa mtihani utakupokonya. Ukielewa, hauwezi.