MAPRODYUZA WA MBINGA NA NYASA, UKUTA WENU UNAPENDEZA ILA SAUTI INALIA!

Wadau, leo tunaongelea ukuta. Ndiyo, ukuta. Kuanzia Mbinga mjini kushuka mpaka Mbamba Bay, siku hizi kila mwenye studio na kila mwenye launji ana ukuta wa kupigia picha. Sponji nyeusi na nyekundu zenye meno meno, paneli za mistari mistari, taa za zambarau zinazunguka pembeni. Msanii akiingia, kitu cha kwanza selfi. Wimbo baadaye.

Sina ugomvi na urembo. Mtu akitaka kupendezesha kwake, apendezeshe. Ugomvi wangu ni kwamba huo ukuta unauzwa kama dawa ya sauti, msanii analipia dawa, kumbe kabandikiwa pambo.

Kuna prodyuza mmoja, jina kapuni, watu wa Mbinga mshamjua. Huyu kabandika sponji ukuta mmoja tu, ule wa nyuma ya kiti chake, kwa sababu ndio unaoonekana kwenye video. Kuta tatu zilizobaki plasta tupu, chini marumaru, juu jipsamu. Maiki ya msanii iko kona ya upande wa pili, anaimba akitazama plasta. Halafu kwenye ukurasa wake kaandika "studio ya kimataifa". Kimataifa kwa kamera au kwa masikio?

Hebu tuelewane hapa taratibu. Sauti inatembea kama mita 340 kwa sekunde. Ikigonga plasta au marumaru inarudi karibu yote. Kwahiyo maiki inasikia vokali mara mbili, mara tatu, mara kumi: kwanza inayotoka mdomoni, halafu zile zinazorudi ukutani zimechelewa kidogo. Ndiyo maana nyimbo zetu nyingi zinasikika kama mtu kaimbia ndani ya simtanki. Hakuna miksi itakayoutoa huo mwangwi wote ukishaingia. Ukipandisha sauti ya msanii, mwangwi nao unapanda.

Sponji inafanya kazi, hilo sikatai. Sauti inaingia kwenye vitundu vyake, hewa inasuguana humo ndani, nguvu inapungua. Lakini kila kitu kwenye hiyo habari ni unene. Sponji ya sentimita mbili na nusu inashika zile sauti za juu tu, za "s" na "ch". Besi yenye mitetemo 100 kwa sekunde ina wimbi la urefu wa mita 3.4. Wimbi la mita 3.4 litashtushwa na kisponji cha sentimita mbili? Linapita kama lori la makaa ya mawe la Ngaka linavyokanyaga ganda la muwa.

Matokeo yake ndiyo haya: mtu akijaza sponji nyembamba chumba kizima, sauti za juu zinakufa, za chini zinabaki zinavuma. Vokali inakuwa kama imefunikwa blanketi. Mnamwambia msanii "kaza koo". Akaze koo mara ngapi?

Na trei za mayai ndo kabisa. Trei ni karatasi. Nyepesi, nyembamba, inabadilisha kidogo sana, na ikipata cheche inawaka.

Kuna na hizi paneli za mistari zinazotamba sasa hivi. Ziko za aina mbili na kwa picha zinafanana. Moja ni mbao nyembamba zimepigwa juu ya kitambaa kizito cheusi. Hiyo inanyonya sauti, hasa ukiiacha na nafasi nyuma yake. Nyingine ni plastiki tupu iliyochongwa mistari. Hiyo hainyonyi kitu, ni sawa na kubandika mlango ukutani. Ukienda dukani fanya hivi: weka mdomo nyuma, pulizia. Pumzi isipopenya kokote, sauti nayo itagonga na kurudi. Usikubali kuambiwa "hii ni ya akustiki kaka" na mtu ambaye jana alikuwa anauza mapazia.

Sasa kwa nini nakaza hivi? Kwa sababu anayelipa si prodyuza. Anayelipa ni kijana wa Liuli au Lituhi aliyekesha ziwani anavua usipa, au wa kule juu Umatengo aliyeweka akiba yake ya msimu wa kahawa. Analipia wimbo mmoja. Anaupeleka redioni Songea, unasikilizwa sekunde ishirini, unawekwa pembeni. Anarudi nyumbani anaamini hana kipaji. Chumba kimefeli, lawama kabebeshwa koo. Hicho ndicho kinachoniuma. Huku kwetu watu wanaimba jamani. Mganda na kioda vinachezwa uwanjani, hakuna ukuta wa kurudisha kitu, ndiyo maana sauti inatoka safi. Tumewachukua watu walewale tumewafungia kwenye chumba cha mita tatu kwa tatu chenye marumaru, halafu tunasema wa Dar ndio wanajua kuimba.

Wenye launji nanyi msicheke, zamu yenu. Kuna bosi mmoja, jina kapuni, majirani walipolalamika kelele akabandika sponji ndani akawaambia "nimeshazuia sauti". Hajazuia. Kunyonya mwangwi ndani ya chumba ni kazi moja, kuzuia sauti isitoke nje ni kazi nyingine kabisa. Ya pili inataka uzito na kuziba: ukuta mnene, mlango mzito usio na upenyo, dari la maana chini ya bati, matundu ya hewa yaliyofanyiwa ufundi. Sponji haina hata kilo moja, itazuia nini? Kanuni za viwango vya kelele zipo tangu 2015 na NEMC wapo. Mama mwenye kichanga nyumba ya pili hajali ukuta wako una rangi gani, anataka mtoto alale.

Na kuna hili ambalo hamtaki kulisikia. Moto. Tarehe 20 Februari 2003 kule Marekani, jimbo la Rhode Island, ukumbi wa The Station uliwaka baada ya fataki za jukwaani kushika sponji ya ukutani. Watu 100 walikufa. Tarehe 27 Januari 2013, mji wa Santa Maria, Brazil, ukumbi wa Kiss, habari ileile: fataki, sponji ya darini, moshi wa sumu. Watu 242, wengi wao vijana wa umri wetu. Sasa angalia launji zetu: sponji mpaka darini, nyaya za taa zimepita juu ya sponji, siku ya bethidei mnawasha zile fataki za kwenye chupa, na mlango wa kutokea ni mmoja. Mnakula bata ndani ya kiberiti.

Najua watakuja wa kusema "acha wivu, kijana kaanza na kidogo alichonacho". Kidogo hakijawahi kuwa tatizo. Mwaka 1895 kuna mwalimu wa Harvard, Wallace Sabine, alipewa ukumbi wa mihadhara ambao hausikiki neno. Alichotumia ni bomba la kinanda, saa, masikio yake, na mito ya viti aliyoihamisha usiku kutoka ukumbi mwingine. Ukumbi mtupu sauti ilikaa zaidi ya sekunde 5 kabla ya kufa. Alipojaza mito ikashuka mpaka karibu sekunde 1. Hakuwa na sponji za rangi. Alikuwa anasikiliza na kupima.

Na sisi vifaa tunavyo. Mbinga ni mji wa kahawa, magunia ya katani yamejaa. Gunia lile linapitisha hewa, ndicho kitambaa kinachotakiwa. Piga fremu ya mbao, sentimita 60 kwa 120, kina sentimita 10. Ndani weka pamba ya mawe ukiipata, hiyo haishiki moto. Ukiikosa, kunja mablanketi mazito ya mtumba ujaze, ila jua blanketi linawaka, kwahiyo waya na sigara vikae mbali. Vika gunia, usipake rangi. Usiibandike ukutani moja kwa moja, iache sentimita tano mpaka kumi, hapo itashika mpaka sauti za chini zaidi. Anza na nyuma ya msanii na pembeni yake. Halafu kona, hapo ndipo besi inapojificha, weka nene zaidi. Usifunike chumba chote. Piga kofi: likilia "trrr" bado, likikatika umefika.

Baada ya hapo ning'iniza taa zako, piga picha zako, tafuta kiki zako. Hakuna atakayekusema.

Na nyie wasanii, kabla hujatoa hela, ingia chumba cha kurekodia, usitoe simu. Piga kofi moja. Chumba kikikujibu, rudisha hela mfukoni utoke.

Wewe studio uliyorekodia ilikuwaje? Dondosha maoni hapo chini, bila majina. Wenyewe watajijua.