FUNDI UMEME MPYA, USIUZE CHETI CHAKO KWA BEI YA NAULI!

Kila mwaka vyuo vya ufundi vinamwaga mitaani vijana wenye vyeti vya umeme. Wanatoka VETA Chang'ombe, wanatoka mikoani, begi mgongoni lenye testa, plaizi na bisibisi mbili. Wanazunguka saiti za Goba, Tegeta na Kigamboni kutafuta pa kuanzia, na kila wanakobisha hodi wanapokewa na maneno yale yale: "Njoo kwanza uonyeshe kazi, mambo ya hela tutaongea."

Sisi tunasema maneno hayo ni mtego, na wewe kijana unayesoma ukurasa huu usiingize mguu.

Hiyo hela mtaongea lini? Mwezi wa kwanza utaambiwa mteja hajalipa. Wa pili, mradi umesimama. Wa tatu utapewa laki na nusu, upigwe bega na kusifiwa kuwa wewe ni kijana mzuri, una heshima. Wakati huo ghorofa limeshawaka taa, tajiri kabadilisha gari, na wewe bado daftari la mama ntilie lina jina lako. Deiwaka wa daladala anajua hesabu ya siku kabla gari halijatoka stendi. Iweje fundi aliyekaa darasani miaka apande ngazi bila kujua atashuka na shilingi ngapi?

Sababu ni moja: woga. Kijana anaogopa akitaja hela ataambiwa ana kiburi, na nje ya geti wapo wengine kumi wanaosubiri. Ni kweli wapo. Lakini tajiri naye ana woga wake ambao hakuambii. Waya ukifungwa vibaya nyumba inaungua, TANESCO haiwashi umeme mpaka kazi ipite kwa mkandarasi mwenye leseni ya EWURA, na kishoka anayefanya kazi kwa bei ya chee ndiye anayemletea hasara ya kubomoa ukuta mara mbili. Akikuita umwoneshe cheti, ujue anakuhitaji. Hapo ndipo pa kuongea, siyo baada ya kupasua ukuta na kupitisha paipu zote.

Sasa ingia na hesabu kichwani. Serikali ilitangaza Oktoba 2025 kwamba wastani wa kima cha chini cha mshahara sekta binafsi unapanda kutoka shilingi 275,060 hadi 358,322 kwa mwezi, kuanzia Januari 1, 2026. Huo ni wastani. Kila sekta ina kima chake katika Amri ya Mishahara, ujenzi ukiwamo, na ofisi ya kazi ya mkoa wako inapaswa kukuonyesha ukurasa. Na hicho ni kima cha chini kabisa, cha mtu yeyote. Wewe una cheti. Anayekupa 10,000 kwa siku, kwa siku 26, anakupa 260,000. Tafuta neno lako mwenyewe la kuliita jambo hilo.

(Tusisahau pia kwamba kima kilichoanza Julai 2013 kilikaa bila kuguswa hadi Januari 2023. Miaka tisa na nusu! Unga ulipanda, nauli ilipanda, kodi ya chumba Mbagala ilipanda, mshahara wa kabwela ukabaki umesimama. Wakubwa hao hao leo wanajisifu kwa megawati 2,115 za Bwawa la Nyerere. Ni jambo jema, hatukatai. Ila megawati haziingii zenyewe kwenye soketi, kuna kijana anazipeleka.)

Tuseme umeomba 500,000 na tajiri kakubali. Uliza mara moja: kabla ya makato au mkononi? Hapo wengi wanaliwa. NSSF unakatwa asilimia 10, yaani 50,000, na tajiri anapaswa kuongeza 50,000 nyingine juu yake. Inabaki 450,000. Kodi haigusi 270,000 za mwanzo. 180,000 zinazozidi zinakatwa asilimia 8, ambayo ni 14,400. Mkononi unashika 435,600. Anayekukata NSSF halafu jina lako halionekani huko NSSF anakuibia, na uhakikishe mwezi wa kwanza, usingoje mwaka.

Saa za kazi nazo ni hela. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inasema saa 45 kwa wiki, basi. Kwa mshahara wa 500,000 saa yako moja ni kama 2,564. Saa ya ziada hulipwa mara moja na nusu, karibu 3,846. Siku yako ya mapumziko na sikukuu hulipwa mara mbili. Kwa hiyo bosi akikuambia "hapa Jumapili tunamalizia tu kidogo", jibu kwa adabu kwamba kidogo hicho kina bei yake.

Neno lenyewe la kusema si gumu. Msalimie, msikilize amalize, halafu: "Mzee, nashukuru kwa nafasi. Kwa kazi uliyoieleza naomba laki tano kabla ya makato. Kama sasa haiwezekani, tuanze na laki nne na nusu kwa miezi mitatu, na tuandike kwamba mwezi wa nne inakuwa laki tano." Kisha nyamaza. Usijieleze kuhusu kodi ya nyumba wala mdogo wako anayesoma. Tajiri hanunui shida zako, ananunua kazi. Mweleze unachoweza: kufunga mein swichi, kusoma mchoro, kupima waya kabla ya kuwasha. Usichokiweza usikitaje, maana umeme hauna msamaha kwa mwongo.

Akigoma kabisa kuongeza hela, omba vingine vyenye thamani: nauli ya saiti za mbali, chakula cha mchana, barua inayotaja kazi ulizofanya. Barua hiyo usiidharau, kwa sababu leseni ya EWURA hutolewa kwa madaraja na uzoefu wako unahesabika. Viatu, kofia na glavu si vya kuomba, sheria ya usalama kazini ya 2003 inamtaka yeye avitoe. Vivyo hivyo Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi: anachangia yeye, wewe hukatwi hata senti. Uliza kama kajisajili. Ukianguka kutoka ngazi ya mita sita, jibu la swali hilo ndilo litakalomlisha mkeo.

Yote haya yaandikwe. Sheria inamtaka mwajiri akupe maelezo ya kazi kwa maandishi, na mkifika kwenye shauri akashindwa kuyatoa, mzigo wa kuthibitisha unamwangukia yeye. Akikataa karatasi, mtumie ujumbe wa simu jioni ile ile: "Mzee, kama tulivyokubaliana, naanza Jumatatu kwa laki tano." Utunze. Akikudhulumu mshahara, una siku 60 za kupeleka mgogoro Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Akikufukuza ni siku 30. Ila ujue kwamba kabla ya kutimiza miezi sita kazini huna kinga dhidi ya kuachishwa isivyo haki. Wajanja wanaijua tarehe hiyo kuliko siku zao za kuzaliwa, ndiyo maana vijana wengi "kazi inaisha" mwezi wa tano.

Na nyie maofisa kazi mnaokaa ofisini na mihuri, saiti haziko mbali. Pandeni daladala mwende Goba kesho asubuhi, mumsimamishe kila fundi mnayemkuta juu ya ngazi, mumuulize mkataba wake uko wapi.