Garimoshi lisilo moshi: Msafiri aelezwe kwa Kiswahili

Muhula uliopita, mwanafunzi wangu mmoja aliuliza darasani: garimoshi lisilotoa moshi tuliiteje? Wenzake wakaangua kicheko. Mmoja akadakia kwamba maswali ya aina hiyo ndiyo yanayodhihirisha kuwa Kiswahili hakiwezi kubeba mambo ya ufundi. Mimi sikucheka. Dai hilo nimelisikia hata vinywani mwa walimu, na yafaa tulipime kwa mfano halisi.

Mjini Zürich, nchini Uswisi, huduma ya reli inayowapeleka watu kazini na kuwarudisha nyumbani, iitwayo S-Bahn, ilianza Mei 1990. Kwa ajili yake viliundwa vichwa vya treni 115 vya umeme, aina ya Re 450, kati ya 1989 na 1997. Kila kimoja kiliungwa na mabehewa matatu ya ghorofa, yaani yenye sakafu mbili za abiria, moja juu ya nyingine. Kichwa hupokea umeme kwa mkono wa chuma ulio paani, unaogusa waya uliotandazwa juu ya reli. Umeme huo hupitia kwenye transfoma, kisha huziendesha mota zinazozungusha magurudumu. Nguvu zake ni kilowati 3,200, na kasi yake ya juu ni kilomita 130 kwa saa.

Kwa nini mabehewa yawe ya ghorofa? Kwa sababu jukwaa la kituo lina kikomo. Treni tatu kama hizo zikiungwa pamoja hufikia urefu wa mita 300 hivi. Asiyeweza kuirefusha treni zaidi ya hapo hana budi kuwapandisha abiria juu. Kwa nini basi mitambo ikusanywe kichwani? Kwa sababu katika behewa la ghorofa, abiria wameketi pale ambapo mitambo ingefungwa chini ya sakafu. Na kwa nini umeme? Treni ya aina hii husimama kila baada ya dakika chache, nayo mota ya umeme huiondoa kituoni kwa wepesi. Isitoshe, njia hupita katika handaki la Zürichberg, lenye urefu wa karibu kilomita 5, ambamo moshi wa dizeli ungekuwa adha kubwa. Tena behewa la mwisho lina chumba cha dereva. Treni ifikapo mwisho wa safari, dereva huhamia upande huo na kurudi alikotoka, kichwa kikisukuma badala ya kuvuta.

Je, msomaji, kuna neno hapo lililokushinda? Kichwa na mkono tumeviazima mwilini, ghorofa tumelitoa kwenye majengo, na transfoma na mota tumezikopa kama lugha zote zikopavyo. Majirani zetu Watanzania walipoanza kusafiri kwa treni za umeme kati ya Dar es Salaam na Dodoma mwaka 2024, hawakungoja kamati ya istilahi. Treni yenye pua iliyochongoka waliiita mchongoko, na jina likashika.

Kwa hivyo kasoro haimo katika lugha. Imo katika mazoea yetu ya kuinyima kazi, na hasara yake humfikia msafiri. Hao wakazi wa jimbo la Zürich hawakuletewa reli yao kama zawadi. Mwaka 1973 walipiga kura na kuukataa mpango uliounganisha reli ya chini ya ardhi na hii ya S-Bahn. Mwaka 1981 waliletewa mpango mwingine, wakaidhinisha faranga milioni 523. Walijadiliana kwa lugha wanayoizungumza na kuisoma magazetini, ndipo wakaweza kukataa, na baadaye kukubali.

Katiba yetu ya 2010 inasema Kiswahili ni lugha ya taifa, na pia lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Katiba iyo hiyo inataka wananchi washirikishwe. Lakini ripoti za miradi ya uchukuzi aghalabu huandikwa kwa Kiingereza kizito. Mama anayebanwa mlangoni mwa treni asubuhi pale Makadara atashirikishwa vipi? Wazee walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Waandishi wa ripoti hawabanwi mlangoni.

Sisemi kwamba Nairobi inunue mabehewa ya ghorofa kesho. Sharti kwanza ijulikane kama madaraja yana kimo cha kutosha, kama reli ya zamani yenye upana wa mita moja yafaa, nyaya zitagharimu kiasi gani, na nauli itapanda au la. Hayo ndiyo maswali ambayo mama yule ana haki ya kuyauliza na kujibiwa kwa lugha anayoielewa.

Walimu wenzangu, tusiwaachie wanafunzi insha za methali na sherehe za harusi pekee. Tuwaagize waeleze jinsi kichwa cha umeme kinavyofanya kazi, kisha waandike barua ya kuuliza kwa nini hatuna, au kwa nini tusiwe nacho. Ama mwanafunzi wangu, nilimjibu kwamba aliite garimoshi la umeme bila haya yoyote. Moshi umebaki katika jina tu. Kisha nikamtaka aulize litapita wapi, na nani atalilipia.