NISHANI YA WITU

Oktoba 1890 Admirali Fremantle wa Uingereza aliuteketeza mji wa Witu, karibu na Lamu. Kisa, ati Wajerumani waliouawa huko mwezi uliotangulia. Sultani Fumo Bakari akakimbia. Mwaka uliofuata akafa. Askari wakapewa nishani ya fedha: mbele Malkia Victoria, nyuma Waingereza wakipigana na Waafrika msituni. Lakini msitu huo si wa Witu! Picha ilichorwa kwa vita vya Waashanti vya 1873 na 1874, nchi iitwayo leo Ghana. Kwao Mwafrika ni yule yule, apigwe popote. Juu ya nishani pameandikwa "Witu 1890". Kwamba mji ulichomwa, hakuna neno. Sisi twadai wanaoziuza leo mnadani walitaje na hilo.